Walijuaje kuwa kitovu kilikuwa Nsunga, na ile 5.9 ilipatikanaje?

Swali: "Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi hapa Kashai, Bukoba. Tetemeko la 2016 lilinikuta juu ya jukwaa la mirunda. Nilisikia mngurumo kwanza, ndipo ukuta ukaanza kucheza. Jioni ile redio ilisema 5.7. Baadaye nikasoma kuwa ni 5.9, na kwamba kitovu kilikuwa Nsunga, kilomita 40 chini ya ardhi. Hakuna mtu aliyechimba kilomita 40, sasa walijuaje? Na kwa nini namba ilibadilika? Tena jamaa zangu wa Dar wanasema mwaka 2020 nao walipata tetemeko la ukubwa huohuo, na kwao nyumba hazikuanguka. Naomba unieleweshe."

Jibu: Salama, fundi, na pole kwa yaliyokukuta. Nitaanza na ule mngurumo, maana sekunde chache ulizozisikia wewe ndizo hizohizo wanazozitumia wataalamu kutafuta kitovu, yaani mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya pale mwamba ulipokatika. Ukizielewa, mengine yatafuata bila shida.

Mwamba ulipokatika Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ulitoa mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. La kwanza tunaliita wimbi la P. Hilo husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule linakokwenda, sawasawa na sauti inavyosafiri hewani, na ndiyo maana sehemu yake ikitoka ardhini huingia hewani na watu wakaisikia kama mngurumo wa lori zito. La pili ni wimbi la S, ambalo hutikisa mwamba kwa kukata njia yake, aghalabu kwenda pembeni. Kuta zetu tunazijenga zibebe uzito wa kushuka chini, na wewe unajua kuliko mimi jinsi ukuta wa tofali usio na mkanda wa zege unavyokuwa dhaifu ukisukumwa ubavuni. Kwa hiyo wimbi la P mara nyingi huwa kama taarifa, na S ndilo linaloangusha.

Mawimbi haya mawili hayana mwendo sawa. Katika miamba ya juu ya dunia P huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, na S kama kilomita 3.5. Fikiria basi na baiskeli vikiondoka Kyaka kwa pamoja kuja Bukoba. Vikifika katikati ya njia, baiskeli iko nyuma kidogo kuliko itakavyokuwa nyuma vikifika mjini. Mtu aliyesimama kando ya barabara na saa mkononi, akijua mwendo wa kila kimoja, anaweza kukwambia vimetoka umbali gani hata kama hakuviona vikiondoka. Kwa mawimbi ya tetemeko hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua sekunde zilizopita kati ya kuwasili kwa P na kuwasili kwa S, zidisha kwa 8, utapata umbali wa kilomita kutoka ulipo hadi kwenye chanzo. Kanuni hii inatosha kwa umbali wa kilomita mia kadhaa. Zaidi ya hapo mawimbi huzama ndani sana, yakapita kwenye miamba ya kasi kubwa na kujipinda, hivyo hutumika majedwali ya muda wa safari. Majedwali yaliyotegemewa kwa miongo mingi ni yale ya Harold Jeffreys na Keith Bullen ya mwaka 1940, na ya leo yametokana na kazi ya aina hiyohiyo.

Tujaribu kwa Bukoba. Kitovu kilichotangazwa kiko kama kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa mji, na chanzo kiko kama kilomita 40 chini ya kitovu hicho. Kwa pembetatu mraba, ile ya kupima kona ya msingi, umbali wa mshazari kutoka chanzo hadi Kashai unakuwa kama kilomita 56. Gawa kwa 8: sekunde 7. Huo ndio muda uliokuwa nao kati ya mngurumo na ukuta kucheza. Mtu aliyekuwa Nsunga kwenyewe, juu kabisa ya chanzo, alipata sekunde 5 tu.

Sasa weka kifaa mahali pa sikio lako. Kifaa cha kupimia mitetemo, yaani seismomita, kina uzito ulioshikiliwa na springi ndani ya kasha. Ardhi ikisogea, kasha husogea nayo, lakini uzito hubaki nyuma kwa sababu kitu kizito hakipendi kuanza mwendo ghafla. Tofauti kati ya kasha na uzito ndiyo inayopimwa. Vifaa vya kisasa vimekwenda mbele zaidi: sumaku ya umeme huuzuia uzito usisogee kabisa, na kiasi cha umeme kilichohitajika kuutuliza ndicho kinachoandikwa. Kila kifaa hupima pande tatu, yaani juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mara nyingi kila sekunde, huku saa yake ikirekebishwa na setilaiti. Saa ni jambo kubwa hapa. Ikikosea sekunde moja tu, umeshakosea kilomita 6 hadi 8.

Kituo kizuri hujengwa juu ya mwamba mtupu, ndani ya shimo au chumba cha zege, mbali na barabara, mashine za kusaga na miti mirefu, maana upepo ukitikisa mti mizizi yake hutikisa ardhi. Kifaa husikia mno. Kinasikia ng'ombe wakipita, na mawimbi ya bahari yanayopiga mbali huko yanaonekana kwenye rekodi siku zote, usiku na mchana, kama mtetemo mwepesi usiokoma.

Ukiitazama rekodi ya tetemeko kwenye kompyuta, kwanza unaona mstari unaotetemeka kidogo kwa kelele hizo za kawaida. Halafu, kwenye mstari wa juu na chini, unashtuka mara moja: hapo ndipo P imefika. Mwenye kusoma huvuta rekodi ile ikaribie, akaweka alama pale hasa mstari unapoacha tabia yake ya kawaida, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde kama mwanzo ni mkali. Kisha anahamia kwenye mistari miwili ya pembeni na kutafuta S. Hapa kazi huwa ngumu, kwa sababu S inaingia wakati mtetemo wa P bado haujatulia. Kinachosaidia ni kwamba mistari ya pembeni hupanuka ghafla na mwendo wake hupungua kasi, mawimbi yakawa marefu zaidi. Kompyuta hufanya kazi hii yenyewe siku hizi, lakini jicho la mtu aliyezoea bado hurekebisha alama nyingi za kompyuta, hasa kwa matetemeko madogo.

Kwa tetemeko la Kagera, kituo cha kudumu cha mtandao wa kimataifa kilichokuwa karibu ni cha Mbarara, Uganda, kama kilomita 110 kutoka kitovuni. Kwa kanuni yetu, pale P na S zilipaswa kuachana kwa takriban sekunde 14. Kinachofuata ni Kilima Mbogo, karibu na Thika nchini Kenya, zaidi ya kilomita 600, ambako mwachano unapita dakika moja. Kisha kuna Furi karibu na Addis Ababa, Lusaka nchini Zambia, na vingine vingi duniani. Mtandao huo wa dunia una vituo kama 150 na rekodi zake ziko wazi kwa yeyote.

Kituo kimoja kinakupa umbali tu. Ukichukua bikari ukachora duara kuzunguka Mbarara, tetemeko linaweza kuwa popote juu ya duara hilo. Duara la pili, la Kilima Mbogo, hulikata la kwanza mahali pawili. La tatu linakuonyesha ni papi kati ya hapo pawili. Hivyo ndivyo inavyofundishwa shuleni, na ni njia halali. Kwa muda mrefu watu waliifanya kwa mkono juu ya ramani.

Lakini ukiifanya kwa rekodi za kweli utaona maduara hayakutani kwenye nukta moja. Yanapishana na kuacha kijieneo katikati. Sababu ni kwamba chanzo kiko chini, si juu ya ramani, na miamba ya njiani haifanani: wimbi linalokwenda Kilima Mbogo linapita chini ya Ziwa Victoria na kuvuka tawi la mashariki la Bonde la Ufa, ambako mwamba ni wa moto zaidi na mwendo ni wa polepole, wakati linalokwenda Mbarara linapita kwenye mwamba mgumu wa kale.

Kwa hiyo njia inayotumika kweli ni nyingine, na imekuwepo tangu Mjerumani aliyeitwa Geiger alipoiandika mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna mambo manne tusiyoyajua: latitudo, longitudo, kina, na saa hasa mwamba ulipokatika. Hilo la nne watu husahau, ilhali hakuna aliyekuwa chini kule na saa. Kompyuta huanza kwa kukisia yote manne. Inakokotoa mawimbi yangefika kila kituo saa ngapi kama kisio lile lingekuwa kweli, kisha inalinganisha na saa zilizosomwa kwenye rekodi. Mbarara imepishana kwa sekunde 2, Lusaka kwa sekunde moja kwenda upande mwingine, na kadhalika. Inasogeza kisio kidogo upande unaopunguza tofauti hizo, inakokotoa tena, inasogeza tena, mpaka tofauti zilizobaki haziwezi kupunguzwa zaidi. Pale ilipofikia ndipo panapotangazwa kuwa kitovu.

Ndiyo maana, fundi, namba inayotangazwa huwa na upana wake hata kama gazeti halikuuandika. Tetemeko la mahali penye vituo vingi vya karibu, kama Japani au Kalifonia, hupatikana kwa kilomita moja au mbili. La mahali kama Kagera, ambako kituo cha karibu cha mtandao ule kiko zaidi ya kilomita 100, unapaswa kuliruhusu kilomita kadhaa kila upande. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ya kule Dodoma, iliposema Nsunga, Wilaya ya Missenyi, ilikuwa inataja mahali panapojulikana palipo karibu na nukta ile ya hesabu. Wa Minziro au Kakunyu wakisema kwao ndiko kulikotikisika zaidi, hawapingani na sayansi. Wako ndani ya upana ule.

Kina ndicho kigumu kuliko vyote, na ni hapa swali lako la kuchimba lina uzito. Chanzo kikishuka kilomita 10 zaidi, mawimbi yanayokwenda vituo vya mbali huwahi kidogo, lakini kuwahi huko kunaweza kufunikwa kwa kusema tu kuwa mwamba ulikatika sekunde moja au mbili baadaye. Kompyuta haiwezi kutofautisha hayo mawili kwa urahisi. Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuwa na kituo karibu sana na kitovu, kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe, kwani hapo wimbi linapanda karibu wima na kina kinaonekana moja kwa moja kwenye mwachano wa P na S. Ya pili ninaipenda zaidi. Chanzo hutuma P kila upande, hata juu. Ile inayopanda hugonga uso wa dunia, inarudishwa chini, na kufuata nyayo za ile iliyotangulia hadi kituo cha mbali, labda Asia au Ulaya. Huko, kwenye rekodi, unaona P, halafu baada ya sekunde chache unaona mwangwi wake. Mwangwi ukija baada ya sekunde kumi na kidogo, chanzo kiko kama kilomita 40 chini. Hakuna aliyechimba; wimbi lenyewe limekwenda juu na kurudi, na sisi tumepima muda wa safari yake.

Kilomita 40 ni kina kikubwa kwa tetemeko la bara. Hapo ni karibu na mwisho wa ganda la dunia la eneo letu. Afrika Mashariki ina sifa hiyo: miamba ya kale iliyopoa huweza kukatika kwa kina ambacho kwingineko mwamba ungekuwa laini na kujipinda tu. Na kama utawahi kutazama orodha za matetemeko mtandaoni, zingatia jambo moja. Ukikuta kina kimeandikwa kilomita 10 kamili, mara nyingi maana yake ni kwamba kina hakikuweza kupatikana, ikawekwa 10 ili hesabu iliyobaki iendelee. Nimeona watu wakibishana sana juu ya hiyo 10.

Tuje kwenye ukubwa. Mwaka 1935 Charles Richter, wa chuo cha Caltech kule Pasadena, akisaidiana kimawazo na Beno Gutenberg, alitaka kuyapanga matetemeko ya kusini mwa Kalifonia kwa namba moja isiyotegemea nani alikuwa wapi. Alichukua kifaa cha aina moja, cha Wood na Anderson, kilichochora mtetemo kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, na kukuza mwendo wa ardhi zaidi ya mara elfu mbili. Akaweka kanuni: kama kifaa hicho kikiwa kilomita 100 kutoka kitovuni kimechora mchoro wenye kimo cha milimita 1, tetemeko ni la 3. Kimo cha milimita 10 ni la 4. Milimita 100 ni la 5. Kila hatua moja juu ni mchoro mrefu mara kumi. Kwa umbali mwingine kuna jedwali la kusahihisha, kwani wimbi hudhoofika kadiri linavyosafiri.

Kumbe hakuna mashine inayoitwa Rikta, kama wengi wanavyodhani, wala kipimo hicho hakiishii 10. Ni hesabu, na haina kikomo cha juu wala cha chini. Mipasuko midogo sana ya mwamba hupata hata namba hasi. Na kwa tetemeko letu kanuni hiyo inaonyesha udhaifu wake wa kwanza. Kama kifaa kile cha zamani kingekuwa Mbarara siku ile, kwa 5.9 kingetakiwa kuchora mchoro wa karibu sentimita 80. Karatasi isingetosha.

Udhaifu wa pili ni kwamba jedwali la Richter ni la miamba ya Kalifonia. Miamba ya huku kwetu, mikavu, ya kale na isiyovunjikavunjika sana, hupitisha mawimbi mbali zaidi. Ukitumia jedwali lake hapa bila kulirekebisha, unalipa tetemeko namba kubwa kuliko haki yake. Mwaka 1998 Charles Langston na wenzake walitoa jedwali lililopimwa kwa Tanzania, kwa kutumia vituo vya muda vilivyowekwa nchini mwaka 1994 na 1995. Kazi za namna hiyo hazisikiki redioni, lakini bila hizo kila namba tunayotaja ingekuwa ya kuazima.

Udhaifu wa tatu ndio uliowasumbua wataalamu zaidi. Kwa matetemeko makubwa mno, kanuni ya Richter hukwama. Mchoro wa haraka haraka anaoupima hauendelei kukua hata kama ufa uliokatika umekuwa mrefu mara kumi, kwa sababu mtetemo wa haraka unaakisi kipande kimoja cha ufa, si ufa wote. Tetemeko la Chile la Mei 1960, lililokata ufa wa takriban kilomita 1,000, kwa vipimo vya zamani lilionekana kuwa la 8 na kitu tu, sawa na mengine mengi yaliyokuwa madogo kwake.

Aliyetatua hilo ni Hiroo Kanamori, Mjapani aliyefanya kazi Caltech, mwaka 1977, na miaka miwili baadaye akaikamilisha na Thomas Hanks. Badala ya kuuliza mchoro una kimo gani, aliuliza mwamba wenyewe ulifanya nini. Chukua ugumu wa mwamba, zidisha kwa eneo la ufa uliokatika, zidisha kwa umbali ambao upande mmoja uliteleza dhidi ya mwingine. Zao hilo ndilo momenti ya tetemeko, na kwa logi linageuzwa kuwa namba inayofanana na ya Richter ili watu wasichanganyikiwe. Kwa kipimo hiki Chile ikawa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Hicho ndicho kipimo kinachotumika leo kwa matetemeko ya wastani na makubwa, ingawa vyombo vya habari bado vinasema Rikta.

Kwa 5.9 unaweza kuipigia hesabu mwenyewe. Ufa wa kilomita 8 kwa 8, katika mwamba wa ugumu wa kawaida, ukiteleza kwa karibu nusu mita, unatoa 5.9. Hizo ni namba za mfano, kwani ufa wa Kagera haukufika juu ya ardhi ukaonekana, lakini zinakupa picha ya ukubwa wa kitu kilichotokea. Ni eneo la kilomita za mraba 64, limesogea kwa urefu wa mkono, ndani ya sekunde chache.

Utauliza, kama ufa hauonekani, eneo na mtelezo vilijulikanaje? Kwa mawimbi marefu. Ndani ya rekodi kuna mtetemo wa haraka na kuna mwendo wa polepole, ambapo ardhi huchukua makumi ya sekunde kupanda na kushuka mara moja, na binadamu hawezi kuuhisi. Mwendo huo wa polepole huubeba ufa wote kwa ujumla wake. Kompyuta hutengeneza rekodi za kubuni kwa kila namna ambayo ufa ungeweza kuelekea na kuteleza, kisha inazilinganisha na rekodi za kweli za vituo vingi. Ile inayofanana zaidi ndiyo inayotoa jibu: momenti ni kiasi gani, na ufa ulielekea wapi.

Na hapo ndipo namba yako ilipobadilikia. Makisio ya mwanzo hutolewa ndani ya dakika chache, kwa kutumia sehemu ya mwanzo ya rekodi za vituo vilivyowahi kufika, kwa sababu serikali na waokoaji wanahitaji kujua haraka. Mawimbi marefu huchelewa kufika, na kuyachambua huchukua muda zaidi. Rekodi zote zilipokusanywa na hesabu ya momenti kufanywa, 5.9 ndiyo iliyobaki. Hakuna aliyeficha wala aliyekosea kazi. Kila namba ilikuwa sahihi kwa taarifa zilizokuwepo saa ile. Ila usidharau tofauti hiyo. Hatua moja nzima ya ukubwa ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo kutoka 5.7 hadi 5.9 ni nishati mara mbili. Wakati huohuo taasisi mbili zikitofautiana kwa 0.1 au 0.2 kwa tetemeko moja, hilo ni la kawaida kabisa.

Sasa jamaa zako wa Dar. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa 2, tetemeko la takriban 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar, Mombasa, hata Nairobi, watu wakatoka kwenye maghorofa mbio. Ukubwa ni karibu sawa na wa Kagera. Lakini ufa ulikuwa baharini, na kufikia ulipo mji mawimbi yalikuwa yameshatawanyika. Kagera ufa ulikuwa chini ya vijiji vya watu. Watu 17 walifariki katika siku za mwanzo, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zikaharibika, na shule za Ihungo na Nyakato zikabidi zifungwe.

Namba ya ukubwa ni moja kwa tetemeko zima, popote ulipo. Inaeleza kilichotokea kwenye ufa. Mtikisiko uliokupata wewe ni kitu kingine, tunakiita ukali, na kina mizani yake ya Mercalli, kutoka daraja la I hadi XII. Ukali unatofautiana kijiji kwa kijiji: unategemea umbali, kina, udongo ulio chini ya msingi, na nyumba yenyewe. Bondeni penye udongo laini wenye maji, mtetemo hukuzwa na kudumu kuliko kwenye mwamba wa kilimani. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilikuwa la 6.8, nishati zaidi ya mara 20 ya la Kagera. Liliangusha nyumba Kalemie, upande wa Kongo, lakini waliokufa walikuwa wachache kuliko wa kwetu. Tofali mbichi zilizojengewa udongo, kuta ndefu zisizo na nguzo wala mkanda, gebo zilizosimama bila kufungwa: hayo hayamo ndani ya 5.9, na ndiyo yaliyoua.

Kuna jambo moja ambalo wewe unaweza kulifanya na vifaa haviwezi. Vituo vyetu ni vichache, na katikati yake kuna watu. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki, lilichunguzwa upya miaka 80 baadaye na Nicholas Ambraseys wa London, akiunganisha rekodi za vituo vya mbali na maandishi ya waliolishuhudia. Kwa hiyo andika yale unayokumbuka ya 2016, na likitokea jingine andika siku hiyohiyo: saa, kijiji na kitongoji, sekunde kati ya mngurumo na mtikisiko kama uliweza kuhesabu, ulikuwa ndani au nje, ghorofa ya ngapi, kipi kilianguka, ukuta unaotazama upande gani ndio uliopasuka na ufa ulikwenda mshazari au wima, msingi uko juu ya mwamba, kifusi au udongo wa bondeni. Wapelekee GST Dodoma au ofisi ya wilaya, na kama una intaneti jaza fomu ya wanaohisi tetemeko kwenye tovuti ya taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS. Andika hata kama hakuna kilichoharibika, kwa sababu kijiji ambako tetemeko lilisikika kwa mbali tu hutusaidia kuchora mpaka wa mtikisiko sawa na kile kilichobomoka.